"Umemfuata nani?" Jinsi ya kufanya maktaba ya mtaa iwe ya kila mtu

Haya wadau, hii naandika kwa wote mnaosimamia maktaba ndogo ndogo, za mtaa, za shule, za kanisani, za msikitini, hata wewe mwenye chumba kimoja na mabenchi mawili na maboksi ya vitabu ulivyoachiwa na watu waliohama. Mimi najitolea kwenye maktaba moja ya mtaa hapa Tanga, sijasomea ukutubi, kwaiyo haya yote nimeyajua kwa kukosea, na nimekosea sana ntawaeleza.

Nianze na shangazi yangu. Siku moja alikuwa anatoka sokoni, kanga mbili, kikapu mkononi kina nazi na bamia, akapita mbele ya maktaba moja (sio yetu, na siitaji) akaona mlango uko wazi akasema ngoja niingie niulize kama wana kitabu cha mapishi. Mlinzi akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, afu akamuuliza "umemfuata nani?" Shangazi akasema samahani baba nimepotea njia, akageuka akaondoka. Hakufokewa wala hakutukanwa. Yule mlinzi hakuwa mtu mbaya, ila kichwani kwake mama wa kanga na kikapu hawezi kuwa msomaji, lazima kuna mtu humo ndani kamfuata.

Hilo swali ndo nataka mlibebe mpaka mwisho. Maana zamani ukifungiwa maktaba ulikuwa unajua umefungiwa. Pale Nairobi ile maktaba ya McMillan yenye masimba mlangoni ilifunguliwa 1931 na ilikuwa ya wazungu, Mwafrika kuja kuruhusiwa kukaa kusoma ni 1958. Na mwaka huohuo 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi ambazo mpaka leo wanafunzi wa ukutubi wanakaririshwa, mojawapo inasema kila msomaji na kitabu chake. Siku hizi huwezi kukuta katazo la hivyo kwenye maktaba yoyote. Badala yake kuna ngazi, kuna fomu, kuna saa za kufungua, kuna jicho la mlinzi, na mtu anajifukuza mwenyewe.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: andika orodha ya wasiokuja

Daftari la wageni linakudanganya. Linakuonyesha waliokuja, unafurahi, unaandika ripoti kwamba mwezi huu tumepata wasomaji 200, kumbe ni wanafunzi walewale arobaini wa fomu foo wanaokuja kujisomea notsi zao, hata kitabu chako hawagusi.

Chukua daftari jingine. Wiki moja tembea mtaani kwako uandike nani anaishi na nani anafanya kazi humo, afu kata wale unaowaona maktaba. Wanaobaki ndo kazi yako. Sisi walibaki hawa: wauza samaki, dada wa kazi, bodaboda, wazee wa barazani, mafundi gereji wawili ambao ni viziwi, watoto wadogo karibia wote (hii ilitushtua), kijana mmoja mwenye ualbino anayetengeneza redio, baba anayetumia kiti mwendo, na akina mama wenye watoto wachanga.

Ukishapata orodha nenda kawaulize, ila angalia unavyouliza. Ukimuuliza mtu "kwanini huji maktaba" atakwambia nipo bize, imeisha hiyo. Muulize siku yake inakuwaje. Dada mmoja wa kazi akaniambia anapata nafasi Jumapili kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, basi, wiki nzima. Sisi Jumapili tunafunga. Wale watoto wadogo? Tuliweka saa ya hadithi saa kumi jioni, saa ambayo watoto wengi wa huku pwani wapo madrasa. Yani tulikaa miezi tunalalamika wazazi wa siku hizi hawajali wakati kosa ni saa ya ukutani. Tulihamishia Jumamosi asubuhi, wakajaa, afu tukagundua Wasabato Jumamosi wapo kanisani, kwaiyo tukaongeza kipindi kingine cha Jumapili mchana, na humohumo tukawapata na wale madada. Hakuna saa moja inayomfaa kila mtu, zungusha tu.

Muuza samaki mmoja alinijibu kitu ambacho sikukitegemea. Akasema mimi nanuka samaki, nitawakera wenzangu. Hapo hakuna bango la "karibuni wote" litakalomsaidia.

Usijaribu kuwabeba wote kwa mkupuo. Chagua makundi mawili, fanya nao mpaka uone mabadiliko, ndo uende wengine.

Hatua ya pili: tembea kutoka barabarani mpaka chooni

Hii fanya na mtu mwenye hali yenyewe, usifanye kwa kujifanya. Kuna watu wanapenda kujifunga kitambaa machoni wanazunguka maktaba dakika kumi eti wanajifunza upofu. Unachojifunza hapo ni kujikwaa. Mtu asiyeona miaka ishirini anajua kutembea, anachokijua na wewe hukijui ni kwamba ile ndoo ya maua uliyoweka koridoni iko pabaya. Muite, mlipe nauli na muda wake kama unavyomlipa fundi, zunguka naye, nyamaza, andika.

Nilivyosema nimekosea ndo hapa. Mlangoni tuna ngazi tatu, kila moja kama sentimita 15. Tukachanga hela ya saruji tukajenga mteremko wa kiti mwendo, tukaupaka rangi ya njano, tukapiga picha tukatuma kwenye magrupu. Urefu mita moja na nusu. Yule baba wa kiti mwendo alipokuja akauangalia, akatuangalia, akacheka, akasema hiyo slaidi mmewajengea watoto? Na kweli watoto walikuwa wanaserereka nayo. Hesabu iko hivi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu zikijumlishwa ni sentimita 45, mara 12 ni 540, yani mita tano na nusu kasoro. Sisi tuliweka moja na nusu. Ikabidi kuvunja na kujenga upya ukizunguka ukuta wa pembeni maana mbele nafasi haitoshi.

Vipimo vingine mpe fundi mapema kabla hajachanganya zege: mlango ukifunguliwa uache uwazi wa sentimita 80 au zaidi, katikati ya rafu na rafu 90, na sehemu ya kugeuzia kiti mwendo mita moja na nusu kila upande. Kama nafasi ni ndogo toa rafu moja. Inauma ila toa. Na meza moja iwe wazi chini magoti yapite, sio meza zote ziwe na mbao ya mbele kama za shule.

Choo. Watu wanaongelea vitabu wee, choo kimya, wakati ndicho kinachoamua mtu atakaa dakika kumi au masaa matatu. Choo cha kuchuchumaa mzee mwenye magoti mabovu hakiwezi, kwaiyo fundi seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu yake, sio gharama kubwa. Weka maji, ndoano ya kutundika mkoba, kitasa kinachofungika kwa ndani, na boksi la pedi sehemu ambayo msichana anachukua bila kuomba funguo kwa mkaka wa mapokezi. Tena kwa huku kwetu weka na kopo la kutawadhia na mkeka mdogo kwenye kona, adhuhuri ikiingia mtu anaswali hapohapo anaendelea na kitabu, la sivyo akitoka ndo katoka.

Hatua ya tatu: mlangoni na mezani

Mlinzi ndo mkutubi wa kwanza, mfundisheni kabla ya mtu yeyote. Sisi tulikubaliana neno moja tu: "karibu", halafu kimya. Hamna umemfuata nani, hamna nikusaidie nini kwa sauti ya kuhoji, hamna kuangalia miguu kama mtu kavaa kandambili. Karibu. Mtu akitaka msaada ataomba. Heshima za kawaida zibaki palepale, mkubwa anapewa shikamoo hata kama amevaa ovaroli lenye grisi, hasa huyo, maana ndiye anayezikosa.

Halafu fomu. Fomu nyingi zinataka namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, picha mbili, na mdhamini. Fikiria dada aliyetoka Lushoto juzi, anakaa kwa watu, hana hata kimoja. Au mtoto anayelala mjini. Hapo umeshamwambia rudi ulikotoka bila kufungua mdomo. Sisi tuliigawa hivi, kusoma mulemule ndani hakuhitaji chochote, hata jina. Kuazima mara ya kwanza ni kitabu kimoja na namba ya simu, ya kwake au ya mtu yeyote. Akirudisha anapewa viwili. Mambo ya vitambulisho yanakuja baadaye sana kama yanahitajika. Vitabu vinapotea? Vinapotea ndio. Hata kwa wenye barua ya mwenyekiti vilikuwa vinapotea.

Maneno sasa, maana hapa watu huteleza hata wenye nia njema. Usiseme zeruzeru, hilo ni tusi, sema mtu mwenye ualbino. Bubu hapana, wengi mnaowaita hivyo ni viziwi wenye lugha yao kamili. Kichaa, taahira, hayo yaache. Lakini usiende upande wa pili ukaanza kuogopa kila neno. Niliwahi kuhangaika na "mtu mwenye changamoto ya usikivu" mpaka yule fundi gereji akaniandikia kwenye simu: mimi ni KIZIWI, kwa herufi kubwa. Na kweli chama chao chenyewe kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Kwaiyo sheria ni nyepesi, muite mtu anavyojiita, na kama hujui muite kwa jina lake alilopewa na wazazi wake.

Na ukiongea na kiziwi aliyekuja na mkalimani muangalie yeye machoni, usimuangalie mkalimani ukasema "muulize anataka nini". Ukiongea na asiyeona jitambulishe, na ukiondoka mwambie naondoka, usimwache anaongea na kiti.

Hatua ya nne: rafu

Rafu nazo zina maoni yake. Maktaba zetu nyingi zinapanga vitabu kwa namba za Dewey, mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876. Ukienda sehemu ya dini, namba 200 mpaka 299, Biblia na Ukristo umechukua kuanzia 220 mpaka 280 na kitu. Uislamu wote umepewa 297, dini za jadi za Afrika zimebanwa kwenye 299. Riwaya na mashairi ya Kiswahili yako 896.392, karibia mwisho wa fasihi, wakati Kiingereza kina 820 nzima. Kwa mji kama Tanga wenye misikiti kila kona hiyo maana yake msomaji anapita rafu nzima ya wengine kabla hajafika pembeni kwenye vitabu vyake vinne.

Sikwambii ubadilishe namba, utajitia kwenye kazi isiyoisha na siku ukitaka kubadilishana vitabu na maktaba nyingine itakuwa vurugu. Badilisha vitabu vinapokaa. Kiswahili kikae mbele, usawa wa macho, mlangoni. Weka stika za rangi na maneno makubwa ya Kiswahili, DINI, AFYA, KILIMO, HADITHI, mtu asiye na darasa la ukutubi ajiongoze. Rafu ya juu kabisa iache tupu au weka maonyesho, mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo na mtoto wa darasa la pili wote hawafiki.

Halafu tuongee kuhusu vitabu vya msaada, tusidanganyane. Maboksi kutoka Ulaya na Marekani yanakuja, mnashangilia, mnafungua, ndani kuna mwongozo wa kujaza fomu za kodi za Marekani na vitabu vya watoto ambapo kila ukurasa kuna theluji. Mtoto wa Chumbageni hapa Tanga akisoma ishirini za hivyo anajifunza jambo moja, kwamba watu wa kwenye vitabu ni wengine. Jiruhusu kukataa. Waambie wafadhili asante, tupeni hela ya kununua hapahapa. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo, kuna mradi wa vitabu vya watoto Tanzania umekuwepo tangu 1991. Na kama hela hamna kabisa, mtandaoni kuna African Storybook, wana hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, leseni yake inaruhusu kupakua, kuprinti na hata kutafsiri upya bila kumlipa mtu. Sisi tuliprinti, tukabana kwa stepla, tukaweka jalada la kadibodi. Bibi mmoja akatusimulia baadhi ya hizo kwa Kisambaa, mtoto mmoja akaandika, zimekaa rafuni na zinaazimwa kuliko vile vya theluji.

Ukichagua vitabu angalia nani yumo ndani na anafanya nini. Kitabu chenye mtoto mlemavu ambaye kazi yake ni kuonewa huruma mpaka mwisho wa hadithi, kiache. Tafuta chenye mtoto mlemavu anayeiba maembe na wenzake.

Na wasiojua kusoma? Wapo, na wana aibu kuliko wote. Sisi asubuhi saa tatu kijana mmoja anasoma gazeti kwa sauti kwenye baraza la nje, wazee wanabishana na kahawa. Hamna aliyeulizwa kama anajua kusoma. Wawili baadaye waliomba kufundishwa, faragha.

Hatua ya tano: macho na masikio

Watu wengi wakisikia asiyeona wanawaza nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na wanakata tamaa hapohapo maana vitabu vyake ni vinene, ghali, kitabu kimoja cha kawaida kinaweza kutoka majuzuu kadhaa. Ni mfumo mzuri, nukta sita tu kwenye mistari miwili ya tatu tatu, kazi ya Louis Braille aliyekuwa kijana asiyeona kule Ufaransa, na kama una shule yenye wanafunzi wasioona jirani waulize wanaazimishaje. Lakini usiishie hapo, maana wapo wengi waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani na hawajui nukta nundu.

Anza na kilichopo. Simu janja nyingi za Android zina TalkBack ndani yake, inasoma maandishi ya kioo kwa sauti, bure. Kompyuta weka NVDA, nayo inasoma kioo kwa sauti, bure pia, ilianzishwa 2006 na kijana wa Australia asiyeona, na mwenzake naye asiyeona akajiunga. Ina sauti ya Kiswahili, sauti yenyewe kama roboti mwenye mafua lakini mtu akizoea anaiendesha kasi hiyo hata wewe huelewi. Halafu rekodini. Sisi tuna wanafunzi watatu wenye sauti nzuri wanarekodi vitabu kwa simu chumbani huku wametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi.

Hapa suala la hakimiliki linakuja na watu wanaogopa. Kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliotengenezwa kwa ajili ya hili hasa, kuruhusu nakala za sauti, nukta nundu na maandishi makubwa kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kumtafuta kila mwenye haki. Kenya waliingia 2017, Tanzania 2020. Kwa hapa kwetu kabla hujaanza ongea na COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ujue utaratibu, na usiziweke hizo rekodi kwenye magrupu ya wasap ya watu wote, zitakuletea kesi na zitawaharibia wenyewe.

Wenye ualbino wengi wanaona kwa shida na mwanga mkali unawaumiza, kwaiyo usimkalishe mtu uso kwa uso na dirisha la jua la saa saba ukasema umempa sehemu nzuri yenye mwanga. Mkalishe dirisha likiwa mgongoni au pembeni, weka pazia, uwe na lensi mbili tatu za kukuzia, na matangazo yako printi kwa herufi saizi 18. Herufi kubwa zinawasaidia na wazee wote ambao hawajawahi kukiri kwamba hawaoni.

Kwa viziwi kosa letu lilikuwa kudhani kuandika kunatosha. Tuliwaandikia tangazo refu zuri, hawakuja. Kumbe kwa kiziwi aliyekua na lugha ya alama, Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili, kama wewe na Kiingereza cha mkataba wa benki. Tukajifunza ishara kumi na tano za mwanzo kutoka kwa fundi mwenyewe, salamu, jina, kitabu, azima, rudisha, choo, asante, tukarekodi tangazo la vidio kwa lugha ya alama, akalisambaza yeye. Jumamosi ile walikuja kumi na moja. Sikujua kama mji huu una viziwi kumi na moja wanaotaka vitabu vya umeme wa magari.

Hatua ya sita: kimya

Lile bango la KIMYA! limefukuza watu wengi kuliko mvua. Mtoto mwenye usonji anayejituliza kwa kuhema kwa sauti, mama mwenye kichanga, mzee mwenye kikohozi, wote wanajua halijaandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Gawanya saa. Sisi asubuhi ni kelele ruksa, mchana kuanzia saa saba ni utulivu, na ratiba iko mlangoni. Pia weka kona moja yenye pazia na mkeka kwa mtu ambaye kelele zimemzidi, au mama anayenyonyesha. Wanafunzi wa mitihani walilalamika wiki ya kwanza tu.

Hatua ya saba: azima mtu

Mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde kule Denmark, Ronni Abergel na wenzake walianzisha kitu wakakiita maktaba ya watu. Badala ya kitabu unaazima binadamu, mtu wa aina ambayo watu wanamsema bila kumjua, mnakaa wawili, unamuuliza, anakujibu. Ilikuwa siku nne, masaa manane kila siku, leo inafanyika nchi nyingi.

Sisi tulijaribu kidogo kidogo. Mabenchi chini ya mwembe, nusu saa kwa kila maongezi. Masharti matatu: "kitabu" kinaweza kukataa swali lolote, msomaji haruhusiwi kurekodi wala kupiga picha, na mtu anachagua jina la kitabu chake mwenyewe. Hilo la tatu lilinifundisha adabu. Nilishamwandalia yule kijana fundi redio kibao kinachosema "Kuishi na ualbino". Akakisoma, akakigeuza, akaandika nyuma "Kwanini redio yako inakoroma". Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Habari za ngozi na jua na watu waliomtisha utotoni zilitoka zenyewe, katikati ya habari za waya, kwa aliyekaa vizuri akasikiliza.

Wengine waliokuja kuwa vitabu: mama fundi gereji, bodaboda, mtu mwenye kifafa, mvuvi, dada wa kazi aliyeomba akae ndani kwenye kona na sio chini ya mwembe kwa sababu mwajiri wake anapitaga hapo. Fikirieni hilo kabla hamjamweka mtu hadharani.

Hatua ya nane: toka nje

Garissa huko Kenya tangu 1996 huduma ya maktaba ya taifa inapeleka vitabu kwa ngamia kwa sababu wafugaji hawakai sehemu moja. Wewe huna ngamia lakini una guta. Sisi Jumanne tunaenda na boksi moja soko la samaki, vitabu tumevivalisha nailoni, anayenuka samaki anakisoma palepale kwenye harufu yake. Yule mama aliyeniambia atawakera wenzake sasa ni mwezi wa tano anasoma hivyo, juzi amekuja mwenyewe maktaba, kaoga, kajipulizia udi, kakaa meza ya mbele.

Hatua ya mwisho: faini

Futa. Chicago na ukubwa wake wote walifuta faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, wewe na vitabu vyako mia nne unakusanya mia mia za nini? Maskini akidaiwa elfu mbili harudishi kitabu wala harudi yeye, umepoteza vyote. Badala ya faini piga simu. Usimwambie umechelewa, muulize kitabu kikoje.

Shangazi yangu ana kitabu chetu cha mapishi tangu kabla ya mfungo, nilimpelekea nyumbani mwenyewe maana mlango wa maktaba aliugomea. Juzi nikampigia. Akaniambia mwanangu subiri kidogo, ukurasa wa biriani wamekosea vipimo, narekebisha kwa penseli afu nakuja kukirudisha mwenyewe, na huyo mlinzi wenu anajua nakuja?